Jina Alilolitaja Kwandu

Usafiri. Usafiri, usafiri, usafiri. Mwaka ule wa tisini na saba nililisikia neno hilo mpaka likanitokea puani. Tunafika kwenye mji wa watu, maana boma kwetu ni mji, tunakaribishwa, tunaketi, Daktari Lucy anauliza kwa ule upole wake, "Kwa nini hamkumfikisha hospitali mapema?" Mimi naligeuza swali kwa Kisukuma, na jibu linarudi lile lile, awe mwanamume, awe mwanamke, awe kikongwe asiye na jino. Usafiri. Hata pale ambapo barabara ya Bariadi inapita nyuma ya zizi lao, basi nyumba yao ndiyo iliyokosa usafiri!

Jina langu Martha. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima mpaka serikali ilipotupunguza kazini, maana miaka ile kila mwenye kazi ya serikali alikuwa anasubiri zamu yake tu. Nikawa nauza mitumba soko la Bariadi. Daktari Lucy alipokuja kutafuta mwanamke anayejua Kisukuma cha ndani na Kiswahili cha ofisini, na asiyeona haya kutaja viungo vya mwili, watu walimwonyesha kibanda changu bila hata kufikiri. Mdomo wangu unajulikana.

Huyo daktari alikuwa mtu wa Same, mwembamba, hapandishi sauti hata akikasirika. Alikuwa anafanya utafiti juu ya kina mama: wanajifungulia wapi, nani anawashika, wanaokufa wanakufaje, na wale wanaobaki hai wanaishije baadaye. Siku ya kwanza aliniapisha. "Martha, neno likisemwa ndani ya nyumba ya mtu ni mali ya mwenye nyumba. Wewe na mimi hatuna ruhusa ya kulitoa nje." Nikasema sawa, kwani shida iko wapi? Nilidhani ni jambo jepesi. Na haya ninayoyasimulia leo, nayasimulia kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe aliyatoa mbele ya watu, na baadaye akaniambia niyaseme popote nipendapo. Bila hivyo nisingefungua kinywa.

Sasa, pale sokoni jirani yangu wa biashara alikuwa mama mmoja anaitwa Nyanjige. Alikuwa anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Mwanamke mrefu, hana maneno mengi, mgongoni siku zote ana mjukuu wake wa kike. Ukimuuliza, "Huyu anaitwa nani?" anajibu, "Mtoto." Wageni walidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtoto yule alikuwa ameshaota meno, ameshaanza kutembea kwa kushikilia gunia, na hakuwa na jina.

Mama yake mtoto alikuwa Kwandu, binti wa pekee wa Nyanjige. Aliolewa na Masunga, katika kijiji kimoja upande wa Dutwa, nyumba ya watu wenye ng'ombe na shamba kubwa la pamba. Kwandu alikufa akijifungua. Baada ya mazishi, watu wa ule mji walimleta mtoto mchanga kwa Nyanjige, wamemfunga kwenye khanga, wakamkabidhi mlangoni, hata maji ya kunywa hawakutaka. Wakasema uchungu ulikuwa mzito, na Kwandu akamtaja mwanamume. Kwa hiyo mtoto si wao.

Labda kuna asiyejua jambo hili, wacha nilieleze. Kwetu, kwa wale wanaofuata mambo ya zamani, uchungu ukikaza na mtoto akagoma kutoka, wanasema mama amefunga kitu. Ametoka nje ya ndoa. Wanawake wazima wanamzunguka, wanamwambia taja. Akitaja, mtoto anatoka. Asipotaja, wanangoja mpaka ataje. Mume naye huulizwa wakati mwingine, lakini mume yuko nje chini ya upenu wa nyumba anavuta tumbaku, na hana mtu anayemkandamiza tumbo.

Na huyo mwanamume aliyesemwa kuwa ametajwa alikuwa nani? Kijana wa mizani. Mnakumbuka wanunuzi binafsi walivyoanza kuja na malori yao, ushirika ukiwa hoi, kila kijiji kinashangaa mizani mipya na vijana wa mjini wenye kofia? Mmoja wa vijana hao alipima pamba pale kijijini msimu ule, akanywa maji kwenye miji ya watu, akacheka na kila mtu. Msimu ulipokwisha akapanda lori, wakapita Lamadi kwenda Mwanza, na hakuonekana tena. Ukihesabu miezi, inalingana. Nani angemfuata Mwanza kumuuliza?

Nyanjige hakuamini hata siku moja. Alikuwa akiniambia, "Martha, binti yangu namjua. Sitaki kitu kwao. Sitaki ng'ombe, sitaki shamba. Nataka waseme mbele za watu kwamba hakutaja, na wampe mtoto jina." Kwetu jina la mtoto linatoka kwa upande wa baba. Angeweza kumpa jina mwenyewe, nani angemkataza? Lakini alikataa katakata. "Nikimpa mimi, nitakuwa nimekubali," alisema. Basi akamwita Mtoto, akaendelea kungoja.

Ndipo siku moja gari letu likaingia kwenye mji wa Masunga.

Sikujua kama tunakwenda kule. Daktari ndiye aliyekuwa na orodha ya vijiji, na viongozi wa kijiji ndio waliotuonyesha nyumba zilizopata misiba ya uzazi. Nilipoona tunakata kona kwenye ua wa minyaa wa ule mji, nikamshika daktari bega. Nikamwambia daktari kwamba mama wa marehemu namfahamu. Akanitazama. "Unaweza kugeuza maneno bila kuyaongezea?" Nikasema naweza. Akasema, "Basi tushuke."

Mama mkwe wa marehemu aliitwa Minza. Nilitegemea jitu la kutisha. Nikamkuta mama mfupi, mikono imekomaa kwa jembe, amekaa kivulini mwa nyumba anamenya karanga.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia, mayu kwetu ni mama.

"Mwadila," akaitika, akatukaribisha ndani kwenye vigoda. Tukakaa, yeye na ungo wake wa karanga mapajani, mlango ukaegeshwa, watoto wakafukuzwa.

Daktari akaanza polepole. Uchungu ulianza lini? Asubuhi, ng'ombe walipokwisha kukamuliwa. Nani alimshika? Mimi mwenyewe, nimewazalisha wote wa mji huu. Ikawaje? Mtoto akakaa. Mkafanya nini? Tukangoja.

"Mlikuwa mnangoja nini?"

Minza akamenya karanga, akaimenya nyingine. "Usafiri," akasema.

Nikageuza kama nilivyoapa. Amesema usafiri. Lakini mlango ulikuwa umeegeshwa tu, na kwenye upenyo ule wote watatu tulikuwa tunauona mkokoteni wa ng'ombe umesimama uani, magurudumu mazima, na maksai wawili wamelala pembeni wanacheua. Daktari akautazama mkokoteni, akamtazama mama. Akaniambia taratibu, "Mwulize kama huo ulikuwepo siku ile."

Nikauliza. Minza akaweka ungo chini.

"Ulikuwepo," akasema. Na baada ya hapo hakuzungushazungusha tena, maneno yalitoka kama mtu aliyechoka kubeba mzigo. "Tulikuwa tunangoja ataje. Mume wangu alikuwa bado hai, na kaka zake walikuwa nje, wakasema mkokoteni hauondoki na mwanamke mwenye kitu tumboni, atafia njiani na atatuletea balaa. Ataje kwanza. Wanawake tukaingia. Tukamwambia taja. Tangu asubuhi mpaka kesho yake mchana. Hakutaja."

"Wewe uliamini kwamba ana mtu?" Daktari akauliza.

Minza akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mimi nilipokuwa na mimba ya Masunga, mtoto alikataa hivyo hivyo. Mama mkwe wangu akasema taja. Nikamtaja mchunga ng'ombe mmoja aliyeumwa na nyoka akafa mwaka uliotangulia. Ulikuwa uongo mtupu, sikuwahi hata kumsalimia vizuri. Na Masunga akatoka! Sasa ningejuaje mimi? Nilijua uongo unatosha. Nikamwinamia mke wa mwanangu sikioni, nikamwambia, mwanangu, taja yeyote, taja hata maiti, wale wa nje wasikie tuondoke. Akakataa. Akaniuliza, 'Nikidanganya, mayu, huyu mtoto atazaliwa wa nani?'"

Nilipoligeuza hilo kwa Kiswahili, nilichanganya maneno katikati. Ilinibidi nianze upya.

Kesho yake mchana mtoto akatoka mwenyewe, amechoka lakini mzima. Na nyuma yake ikaja damu. Minza alisema walikanda, wakafunga, wakachemsha mizizi. Damu haikusimama. Mkokoteni ukatandikwa haraka wakati ule, hakuna tena aliyesema neno la kutaja. Kwandu alikata roho kabla hawajatoka uani.

Hapo daktari hakuwa na swali lingine, alikuwa anafunga kalamu yake. Swali lililobaki lilikuwa langu, na halikuwa kwenye karatasi yake, na nilikuwa nimeapa nisiongeze. Nikaongeza.

"Na yule kijana wa mizani?"

Minza hakuinua macho. "Yule nilimtaja mimi."

"Kwa nini?"

"Masunga hakuwepo. Aliporudi alisimama juu ya mkewe, akanitazama. Akaniuliza, mama, mkokoteni ulikuwa hapa, mmemuua kwa nini? Ningemwambia nini? Nikasema alikuwa na mtu, ametaja mwishoni, ndiyo maana mtoto akatoka. Nikamtaja mtu aliyekwenda mbali ili asiumie yeyote." Akachukua ungo wake tena. "Nilidhani hakuna atakayeumia."

Jamani, nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliniwasha. Na papo hapo nilimwonea huruma mpaka nikachukia kumwonea huruma. Tukaaga, tukatoka, maksai wakatutazama.

Ndani ya gari nilimlipukia daktari. Nikamwambia, twende sasa hivi kwa Nyanjige. Twende kwa mwenyekiti. Twende kanisani nikasimame mbele ya altare niseme! Daktari Lucy akaendesha mpaka tulipofika barabarani, ndipo akasema, "Ukisema leo, kesho hakuna mama atakayetufungulia mdomo. Watarudi wote kwenye usafiri."

"Na mtoto asiye na jina?"

"Namfikiria tangu tulipotoka pale," akasema, na nikaona macho yake yamejaa. "Lakini maneno ni ya Minza, Martha. Mwenye maneno ndiye mwenye kuyatoa."

Niliona ni upuuzi wa watu waliosoma. Nikanuna mpaka Bariadi.

Siku ya soko Nyanjige alikuwa amekwisha kusikia. Nani asiyejua gari la utafiti linakoingia? Alinisubiri mpaka nikapanga nguo zangu, akaja akasimama mbele yangu, mtoto mgongoni.

"Mlifika kwa Minza."

"Tulifika."

"Alisema nini?"

Hapo ndipo nilipojua kiapo ni kitu gani. Jibu alilolililia mama yule lilikuwa kinywani mwangu, nimelishika kwa meno. Nikamwambia, "Nyanjige, siruhusiwi."

"Binti ni wangu."

"Najua."

"Kaburi ni la binti yangu. Mtoto huyu ni wangu. Kila mtu kwenye soko hili ana la kusema juu ya Kwandu, wewe peke yako ndiye usiyeruhusiwa?"

Nikasema tena siruhusiwi, nikaanza kulia kama mtoto mdogo, na kulia kwangu ndiko kulikomtia hofu zaidi. Alidhani nalia kwa sababu nimesikia kwamba kweli alitaja. Niliona hofu ile inavyomwingia usoni na sikuweza kuiondoa. Hakunitukana. Alilishika gunia lake la michembe, akaliburuta mpaka upande wa pili wa soko, kwenye jua kali, akakaa kule.

Sikulala vizuri wiki ile. Jumapili baada ya misa nikaazima baiskeli, nikaenda peke yangu kwa Minza. Niliona kama maneno ni yake, basi hakuna kiapo kinachonizuia kumwambia mwenyewe jambo analolijua. Nilimkuta pale pale. Sikukaa hata kwenye kigoda.

"Mayu, sijasema kitu kwa mtu," nikamwambia. "Na sitasema. Ila nimekuja kukuambia jambo moja ambalo labda hulijui. Mjukuu wako hana jina mpaka leo. Anaitwa Mtoto. Mama yake Kwandu anawangoja ninyi."

Akanitazama. "Hana jina?"

"Hana."

"Mpaka leo? Anatembea?"

"Anatembea."

Akaweka mkono mdomoni. Kisha akainuka, akaingia ndani. Nikapanda baiskeli nikaondoka, nikijilaumu njia nzima kwa kupoteza nguvu zangu bure. Nilimwombea mabaya pia, Mungu anisamehe.

Utafiti ulipofika mwisho, Daktari Lucy alitaka kurudi kwenye kila kijiji awaeleze watu alichokiona, bila kutaja nyumba wala mtu. Alisema si haki kuchukua maneno ya watu na kuondoka nayo. Kijijini kwa kina Minza mkutano ulifanyika ndani ya ghala la ushirika. Ghala lilikuwa tupu, maana pamba yote ilikuwa inanunuliwa barabarani na wenye malori, na kilichobaki mle ndani kilikuwa vumbi na nyuzi za pamba ya zamani zilizonasa kwenye kuta. Watu walijaa. Mwenyekiti Marcelo akawaketisha wanaume mbele kwenye mabenchi, wanawake nyuma chini.

Nyanjige alikuja. Nilikuwa nimepita sokoni kumwambia kuna mkutano wa wazi, mtu yeyote anaruhusiwa, na hakunijibu. Lakini nilimwona akiingia, vumbi mpaka magotini, akaketi ukutani na kumshusha mtoto. Mtoto akaanza kubandua zile nyuzi za pamba.

Daktari akazungumza, mimi nikageuza. Akasema nyumba nyingi zilijibu usafiri, na kweli barabara ni mbaya na magari hakuna, jambo hilo atalifikisha linakohusika. Lakini nyumba nyingine zilikuwa na mikokoteni, na mikokoteni haikuondoka. Akasema, "Walikuwa wanangoja mama ataje." Daktari akaendelea, "Katika wote tuliowafuatilia, hakuna hata mama mmoja aliyekufa kwa sababu ya mwanamume. Walikufa kwa sababu njia ilikuwa nyembamba, au mtoto alilala vibaya, au damu ilitoka na hapakuwa na wa kuizuia. Kumngoja ataje ni kumngoja afe."

Nililigeuza hilo kwa Kisukuma cha ndani kabisa, bila kulipaka sukari.

Mzee mmoja wa mbele akainuka. "Huyo daktari ni mgeni," akasema. "Mbona mke wa Masunga alitaja mwenyewe, na alipotaja tu mtoto akatoka? Sisi tulikuwepo!" Wanaume wakaguna kumuunga mkono. Masunga alikuwa benchi la pili, ameinamisha kichwa. Wanawake wakageuka kumtazama Nyanjige, na Nyanjige akawatazama wote, hakuinama.

Nilifungua mdomo. Nakiri, nilikuwa naelekea kusema, kiapo au si kiapo. Daktari akanishika mkono. Na kabla sijautoa, nyuma kule, kati ya wanawake, Minza akasimama.

"Ulikuwepo nje," akamwambia yule mzee. "Ndani nilikuwa mimi."

"Kaa chini, mama," Masunga akasema.

"Sikai. Hakumtaja mwanamume. Yule kijana wa mizani nilimtaja mimi, baada ya mkeo kufa, kwa kuogopa macho yako, mwanangu. Mke wako hakuwa na mtu."

Nikawa namgeuzia daktari sikioni, neno kwa neno, kazi yangu ilikuwa hiyo. Minza alikuwa ameshika bega la mwanamke aliyekaa mbele yake.

"Tulimwambia taja, taja, taja," akasema. "Na mwishoni kabisa akataja. Jina moja. Mnajua mke wa mwanao hakutaji jina lako hata siku moja, kwetu ni mwiko. Tangu aolewe aliniita mayu. Siku ile alinishika hapa," akaonyesha kifundo cha mkono, "akaniambia, Minza. Minza, nipeleke. Akarudia, Minza, nipeleke. Jina alilolitaja lilikuwa langu. Na sikumpeleka."

Hilo hata sisi hakutuambia siku ile nyumbani kwake. Masunga akavua kofia, akajifunika nayo usoni.

Nyanjige akasimama. Nilidhani atapiga kelele, au atamrukia, na kama angemrukia nisingemshika. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rudia."

"Nini?" Minza akauliza.

"Rudia. Wale wa karibu na mlango hawakusikia."

Minza akageukia mlango, akarudia. Alirudia yote, kijana wa mizani, macho ya mwanawe, kifundo cha mkono, jina lake. Mara hii alilia katikati, na Nyanjige akamngoja mpaka akamaliza. Hakumfuta machozi wala hakumwambia pole.

Kisha Nyanjige akamchukua mtoto pale ukutani, akapita naye katikati ya wanawake, akamsimamisha chini mbele ya Minza. Ngumi ya mtoto ilikuwa imejaa pamba.

"Mwenye kumpa jina ni ninyi," akasema. "Mpeni."

Minza akamtazama mwanawe. Masunga alikuwa bado ameficha uso, akatikisa kichwa, akimwonyesha kwa mkono aseme yeye. Minza akapiga magoti ili alingane na mtoto. Wanawake walikuwa wamejisogeza mbele, wanaume wamegeuka kwenye mabenchi yao, hata yule mzee.

"Kwandu," Minza akasema.

Mtoto hakugeuka. Alikuwa anatazama pamba yake.

"Kwandu," Minza akaita tena, kwa nguvu kidogo. "Kwandu."

Daktari akaninong'oneza, "Mbona haitiki?" Nikamwambia ndiyo kwanza anapewa, hajajua bado kwamba anayeitwa ni yeye.